Nguzo Uliyoniambia Niikate

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na chaki, pole na watoto wa watu. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Leo tumepokea malori mawili ya saruji na wapakuaji walikuwa wawili tu, wa tatu nikawa mimi.

Pamoja na barua hii utapata sura ya tatu ya riwaya. Nimeichapa ofisini wakati wa chakula cha mchana kwa mashine ya Baba Mdogo, kwa hiyo ukiona ukurasa wa mwisho umefifia, ujue niliambiwa nitoke haraka. Utaratibu wetu ni ule ule: usome, uchafue kwa kalamu yako nyekundu, umpe dereva wa basi arudi nayo, ndipo niiweke kwenye blogu. Najua huko bondeni mtandao ni mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na wewe si wa kupanda matangi. Hata hivyo, tangu darasa la nne hakuna sentensi yangu iliyotoka nje bila kupita mikononi mwako, na sitaanza leo.

Blogu inakwenda, Dada! Sura ya pili imesomwa na watu mia nne na kumi na wawili. Mwezi jana walikuwa sitini, na nusu yao nilikuwa mimi mwenyewe nikiangalia kama kuna mtu ameingia. Wengine wanauliza kama mtunza stoo wa kwenye hadithi ni mtu wa kweli. Nimewajibu kwamba nimembuni.

Nikukumbushe mpango. Riwaya yote ni barua tupu, za mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi kwenda kwa dada yake, muuguzi kwenye hospitali mpya ya ghorofa tatu. Hospitali hiyo imejengwa na kampuni hiyo hiyo. Pale panapoelezwa nguzo, soma polepole. Tafadhali.

Baba Mdogo anakusalimu. Anasema katika kazi zake zote, jengo jipya la shule yenu ndilo analojivunia zaidi.

Mdogo wako,
Stoo


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nianze na sifa, maana nikianza na lawama unanuna wiki nzima. Sauti ya mtunza stoo wako ni nzuri. Anatania kama wewe, anaogopa kama wewe, hata anavyokwepa swali ni wewe mtupu. Mwandishi mchanga huwa hivyo, anajiazima mwenyewe.

Sasa lawama. Kuanzia ukurasa wa tano mpaka wa nane nimepiga mstari kote. Nguzo, nguzo, nguzo! Eti nondo zilitakiwa ziwe nene kama kidole gumba, zikawekwa nyembamba kama kalamu. Eti zege halikushindiliwa, na katikati ya nguzo wakasokomeza mifuko mitupu ya saruji ili lijae haraka. Nani anasoma riwaya ili ajifunze uashi? Watu wanataka kujua muuguzi ataolewa na nani. Kata yote.

Habari za huku ni njema. Wiki iliyopita nimehamia jengo jipya, ghorofa ya tatu, na watoto wangu arobaini na wanane. Upepo unaingia, mwanga tele, ubao hauna hata kovu. Nimemwandikia Baba Mdogo kumshukuru. Mtu aliyetulea tangu Baba alipofariki, akanisomesha mpaka chuo, leo kanijengea na darasa! Kwenye nguzo ya kona kuna ufa mdogo, mwembamba kama unywele, nikatundika ramani ya dunia juu yake. Usije ukaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeufunika, si ni kuziba huko?

Dada yako,
Kalamu Nyekundu


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekata kurasa zote nne. Sura imetoka bila nguzo na wasomaji wameipenda. Mmoja ameandika, "Afadhali, maana nilianza kuhisi harufu ya saruji." Nilicheka, halafu nikakaa mkono shavuni mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Nina ombi la utafiti, la riwaya tu. Huo ufa wako unapita wima, mlalo, au mshazari? Umeanzia juu au chini? Milango inafunga vizuri? Na ukikanyaga sakafu karibu na ile nguzo, unasikia chochote? Mwandishi lazima ajue mambo haya, hawezi kuota tu.

Halafu nimefikiria magoti yako. Ngazi za ghorofa tatu, kupanda na kushuka mara sita kwa siku, si mchezo. Kwa nini usimwombe mwalimu mkuu akurudishe jengo la zamani? Sema umeshauriwa. Sema lolote. Na watoto nao ungeshuka nao, si vizuri mwalimu akae mbali na darasa lake.

Mdogo wako,
Stoo


12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yangu hayajambo na yanakushangaa. Tangu lini umeyajali? Jengo la zamani linavuja, madirisha hayana vioo, na nikishuka mwalimu wa hesabu atalidaka darasa langu kabla sijafika chini. Sitoki.

Majibu ya utafiti wako haya hapa. Ufa ni mshazari. Umeanzia juu na sasa umetokeza chini ya ramani, upande wa kusini mwa dunia. Mlango wetu haufungi tangu mvua zianze, nadhani mbao zimevimba. Sakafu haisemi kitu, ila asubuhi tunakuta unga mweupe chini ya nguzo na mtoto wa zamu anaufagia. Mwalimu mkuu anasema ni lipu inakauka, majengo mapya yote hufanya hivyo. Umeridhika?

Sura ya saba nimeisahihisha. Mdogo wangu, muuguzi wako ni mjinga mno. Kaka yake anamwandikia mafumbo barua nzima, nyufa anaziona kwa macho yake, yeye anatundika kalenda juu yake na kuendelea kupima watu homa. Hakuna mwanamke mjinga hivyo. Msomaji atamchoka. Ama mpe akili kidogo, ama kaka yake aache kuzunguka mbuyu aseme. Kwa kweli huyo kaka ndiye anayeniudhi zaidi. Anaogopa nini?

Dada yako,
Kalamu Nyekundu


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Umeuliza anaogopa nini. Anaogopa kwa sababu mwenye kampuni ndiye aliyemlea. Na anaogopa kwa sababu nondo zile nyembamba hazikutoka stoo zenyewe, yeye ndiye aliyezitoa, akazihesabu, akatia sahihi. Nitaiingiza kwenye sura ya nane.

Kuna habari kubwa. Mchapishaji amenipata kupitia blogu. Anataka riwaya nzima, kitabu cha kushika mkononi, Dada! Sharti lake moja tu: nitie sahihi tamko kwamba hakuna mtu, jengo wala tukio lolote la kweli ndani yake. Nimetia sahihi. Nilijiambia ni karatasi tu. Tangu utotoni nimekuwa nikiota kitabu chenye jina langu, na wewe ndiye shahidi wa ndoto hiyo. Ningefanyaje?

Ila nilifanya uzembe. Tamko nilichapa nakala mbili, nikazitia sahihi zote, moja nikaisahau juu ya mashine pamoja na sura ya tisa. Baba Mdogo alizikuta. Alinijia stoo akazisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, pole pole, miwani puani. Nilidhani atanipiga. Alikunja karatasi akazitia mfukoni, akasema, "Unaandika vizuri. Marehemu baba yako naye alipenda maneno." Kisha akanishika bega, akaniambia kuanzia Jumatatu nahamia kule kwenye mradi wa daraja, mwendo wa siku mbili.

Hakunifokea hata kidogo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dada, umeomba uhamisho wa darasa?

Mdogo wako,
Stoo


26 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo nachapa kwa mashine ya huku darajani maana mkono wangu hautulii, na nikiandika kwa kalamu hutasoma kitu.

Nimechoka kuzunguka mbuyu. Jengo la shule yako si zima. Nguzo kumi na mbili zilitakiwa kuwa na nondo nene, zikawekwa nyembamba. Nilimwambia Baba Mdogo. Akasema serikali huchora kwa woga, mjenzi hujenga kwa uzoefu. Nikatoa nondo, nikatia sahihi. Nguzo ya kona ya ghorofa ya tatu niliiona ikimwagwa. Mvua ilikuwa inakuja, wakajaza mifuko mitupu katikati na kumwaga zege juu yake bila kushindilia. Ndani ya nguzo ile mna uwazi. Ukichomeka ufunguo kwenye ufa, utaingia mpaka kichwani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile, nikanyamaza kwa sababu ni Baba Mdogo. Nikajidai kuyasema kwa hadithi, nikidhani utaelewa nami sitakuwa nimemsaliti mtu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha wangu mpaka umekuwa kitabu. Wewe si mjinga, Dada. Mjinga ni mimi.

Watoe watoto kwenye shule hiyo leo hii. Usimwulize mtu. Washushe wote, mwalimu wangu, kisha utoke nawe.

Mdogo wako,
Stoo


6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba! Sura ya kumi na moja nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nililia, na mimi si mtu wa kulia. Hatimaye umeandika bila kujificha. Hata kule kuanza na mkono usiotulia, nani alikufundisha? Si mimi.

Makosa ni machache lakini ni ya aibu. Umejisahau ukaandika "shule" mahali pa "hospitali", tena mara mbili. Darasa langu linakukaa moyoni bila shaka, maana "watoto" wamejitokeza mahali pa "wagonjwa", na "mwalimu" mahali pa "muuguzi". Nimesahihisha zote. Halafu mtunza stoo kamwita mwenye kampuni "Baba Mdogo". Badilisha jamani, watu watadhani ni wetu!

Kuhusu ufunguo, nilitaka kukuonyesha kwamba umetia chumvi, maana msomaji makini anaweza kujaribu akakuumbua. Nikasogeza ramani, nikachomeka ufunguo wa kabati langu. Haukuishia kichwani. Uliniponyoka ukaingia wote. Niliusikia ukigonga huku na huku ukishuka, kisha kimya. Watoto walicheka. Mimi nilicheka pia, ingawa siku ile sikurudisha ramani, sijui kwa nini. Sasa kabati halifunguki na daftari zote zimo ndani.

Nitamwuliza Baba Mdogo mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 21 ni siku ya wazazi naye ndiye mgeni rasmi. Ukuta wa mbao kati ya darasa langu na la jirani utatolewa, uwe ukumbi. Tunatarajia wazazi mia mbili, na watoto watacheza ngonjera. Nilitamani uwepo.

Dada yako,
Kalamu Nyekundu


18 Juni

Dada.

Hii si sura.

Naandika kwa mkono. Utazame mwandiko huu, ni wewe uliyenishika vidole nikajifunza kuukunja hivi. Sura huwa nachapa, barua huwa naandika. Ile ya tarehe 26 nilichapa kwa sababu nilikuwa natetemeka, ukaidhania sura. Kosa ni langu, nilikuzoesha.

Barua yako ilipitia stoo kwanza, imenifikia jana jioni. Usiku ule ule nilimpigia mwalimu mkuu wako, maana wewe huna simu, kwa simu ya msimamizi wa daraja. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema Baba Mdogo alishamwonya kwamba nina maradhi ya kutunga, na kwamba anayo karatasi yenye sahihi yangu inayosema mambo hayo yote ni ya kubuni. Ni kweli anayo. Niliitia sahihi kwa mkono huu.

Nimeyaweka yote kwenye blogu bila kuficha jina la shule wala la kampuni. Mpaka alfajiri walikuwa wamesoma elfu mbili. Unajua wameandika nini? "Sura kali! Mtunzi umetisha." "Lete nyingine." Nimewasihi waamini, wakasema hata kusihi kwenyewe nimekusanifu vizuri.

Kwa hiyo sikutumii maneno matupu tena. Ndani ya kifurushi hiki mna vipande viwili vya nondo, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nene ndiyo iliyochorwa. Nyembamba ndiyo niliyoitoa stoo. Zishike, uone unafanya kazi juu ya ipi.

Mimi sipandi basi hili kwa sababu naelekea mjini kumng'ang'ania mhandisi wa wilaya. Yeye peke yake ndiye awezaye kulifunga jengo. Jana kwa simu alisema atakuja Jumatatu. Nitamleta Jumamosi hata kama ni kwa kumbeba. Dereva ameapa kukupa kifurushi mkononi.

Usipande, Dada. Nakuomba kwa roho ya Baba, usipande.

Mdogo wako


21 Juni, Jumamosi

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Dereva amenikuta ngazini saa nne, wazazi wameshaketi. Nililaza kalamu hii kiganjani kando ya nondo yako nyembamba. Unene ni mmoja.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwonyesha vyuma. Akasema, "Mwalimu, usituharibie shughuli kwa hadithi za mdogo wako." Nikamwambia habari ya ufunguo. Akatazama saa.

Basi nikapanda. Nisamehe, wengine wote walikuwa juu. Nikasimama mlangoni nikapiga kelele, "Nyuki! Kuna nyuki kwenye dari!" Katika maisha yangu sijawahi kusema uongo mbele ya darasa. Wakashuka wote, mdogo wangu. Mia mbili na watoto wao, kwa dakika chache, wengine viatu mkononi. Ukweli uliwashinda, nyuki wakawaelewa. Hilo lifikirie siku ukipata nafasi, wewe ndiye mtunzi.

Sasa wako uwanjani, nimewahesabu wangu arobaini na wanane, wote wapo. Aliyebaki ni Baba Mdogo. Yeye alijua hakuna nyuki. Alinitazama machoni, akatazama nguzo ambayo haina ramani tena, akasema mjenzi hakimbii nyumba yake, na kwamba atakaa pale mpaka wageni wake waone aibu warudi. Nilipotoka aliufunga mlango nyuma yangu kwa kishindo, ule mlango usiofunga tangu Machi. Leo umefunga. Kishindo kile kilifuatiwa na kingine, ndani ya ukuta.

Tangu hapo anausukuma na haufunguki. Tunamwona dirishani. Kwanza alikuwa anatupungia mkono kama mgeni rasmi. Sasa ameacha kupunga. Anaita jina langu, lile la utotoni, alilonipa yeye.

Mwalimu mkuu amenishika mkono, anasema tumngoje mhandisi. Mhandisi wako sijamwona. Na huyu ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya maziko ya Baba, huku kakushika wewe mkono. Nina hasira naye, nitamwambia yote akishafika chini. Lakini siwezi kusimama uwanjani nikimsikia.

Barua hii nampa dereva. Ile nondo nyembamba nimeifungia ndani yake, umwonyeshe mhandisi. Nene naichukua mimi, nitautekua mlango nayo.

Masahihisho yangu ya sura ya kumi na moja yafute yote. Ichapishe kama ulivyoiandika. Ni shule, si hospitali. Ni mwalimu, si muuguzi. Na ile nguzo irudishe.

Dada yako